Bujumbura–Dar: Saa mbili angani, na zile zisizoandikwa kwenye tiketi

Mfanyabiashara anayeuliza Dar es Salaam iko umbali gani kutoka Bujumbura atapewa majibu matatu, na yote ni ya kweli. Angani, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 1,160 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,500. Na kwa mujibu wa tiketi ya ndege, kwenda ni saa tatu, kurudi ni saa moja.

Jibu la tatu ndilo linalowachanganya wengi, hasa anayesafiri kwa mara ya kwanza. Ndege ni ileile na njia ni ileile, sasa iweje kurudi kuwe kufupi kiasi hicho? Siri yake si upepo wala rubani. Burundi inatumia saa ya Afrika ya Kati, sawa na Rwanda na majimbo ya mashariki ya Kongo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa moja. Ndege ikiondoka Bujumbura saa nne asubuhi na kukaa angani saa mbili, inatua Dar saa saba mchana kwa saa ya Dar, ingawa mkononi mwako bado ni saa sita. Ukirudi kesho yake kwa ndege ya saa nne asubuhi, unakuta Bujumbura ni saa tano tu. Karatasi inaonyesha saa ya mahali unapoondokea na saa ya mahali unapotua, basi. Haikuambii umekaa kwenye kiti muda gani.

Anayetaka muda halisi achukue muda wa kwenda unaoonekana kwenye tiketi, ajumlishe na ule wa kurudi, kisha agawe kwa mbili. Saa tatu na saa moja ni nne, nusu yake ni mbili. Kwa Nairobi jambo hili linachekesha zaidi. Kutoka Bujumbura hadi Nairobi ni kama kilomita 870, safari ya saa moja na dakika thelathini na kitu. Ukitoka Nairobi saa mbili asubuhi unatua Bujumbura saa mbili na nusu na dakika chache, kana kwamba umevuka mtaa. Ukirudi, saa hiyo unailipa.

Hata bila tiketi mtu anaweza kujikadiria. Ndege za jeti zinazoruka katika ukanda wetu zikishafika juu huenda kilomita 800 kwa saa, au zaidi kidogo. Gawa umbali wa angani kwa 800, kisha ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Bujumbura–Dar: 1,160 kwa 800 ni saa moja na dakika 27, ukiongeza nusu saa unakaribia saa mbili. Bujumbura–Entebbe, kilomita 510 hivi, inatoka saa moja na dakika nane. Ikiwa ndege ni ya mapanga, kama Dash 8 Q400 ambayo Air Tanzania inayo pamoja na Airbus A220 zake, tumia 650 badala ya 800, na safari ya Dar itavuka saa mbili na robo.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo bei za tiketi hulificha. Kati ya Bujumbura na Kigali ni kilomita 175 tu angani. Kwa kanuni yetu hiyo ni dakika 13 za mwendo na dakika 30 za kupanda na kushuka. Yaani ndege inamaliza sehemu kubwa ya kazi yake kabla hata haijaanza kwenda. Ndiyo maana safari fupi haiwi rahisi kwa kiwango kile kile inavyopungua kilomita, na mfanyabiashara anayelinganisha nauli kwa kugawa kilomita atajiona ameibiwa. Hajaibiwa. Anachokilipia zaidi ni kuruka na kutua.

Bujumbura yenyewe ina umbo lake. Mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji, upande wa mashariki, milima inapanda haraka hadi Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, wenye mita zipatazo 2,670. Ng'ambo ya ziwa, juu ya Uvira, kuna ukuta mwingine wa milima ya Kongo. Uwanja wa ndege, uliopewa jina la Rais Melchior Ndadaye mwaka 2019, uko kwenye bonde la Rusizi katikati ya kuta hizo mbili, na njia yake ya kurukia imelazwa karibu kaskazini kwa kusini, kufuata bonde. Ndege inayotoka mashariki haiji moja kwa moja na kukaa chini. Inavuka milima, inashuka juu ya bonde au ziwa, inageuka ndipo inatua. Abiria wa dirishani anaona maji, anadhani amefika, kumbe bado.

Kabla ya kufika huko kuna mtego wa saa za Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 20:00 ni saa mbili usiku. Kijana wa ofisi ya tiketi anayekuambia kwa Kifaransa kwamba ndege ni «saa nane» anasema saa mbili yako. Toa sita na hutakosea: 14:30 ukitoa sita ni 8:30, saa nane na nusu mchana. Kwa 20:00 unapata 14, kwa hiyo toa 12 tena, zinabaki mbili za usiku.

Tarehe ndiyo yenye hasara kubwa. Ndege iliyoandikwa Jumatano 00:40 inaondoka saa sita na dakika 40 za usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa hiyo unatakiwa uwe uwanjani Jumanne, saa tatu na nusu au saa nne usiku. Anayeamka Jumatano, akashinda sokoni na kwenda uwanjani usiku akiwa na masanduku, ndege yake ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita. Ndege nyingi za kwenda mbali kutoka Nairobi na Addis Ababa huruka usiku, kwa hiyo mtego huu si wa kufikirika. Wazee wa pwani, ambao kwao siku huanza jua linapozama, wangeita huo «usiku wa Jumatano» bila shida yoyote. Vijana wanaosema «Jumanne usiku» ndio wanaohitaji kuangalia mara mbili.

Tuchukue sasa mama anayeuza vitenge katika soko la Ruvumera, Buyenzi, akienda Kariakoo kuchagua mali. Tuseme ndege yake inaondoka saa sita na nusu mchana. Huu ni mfano, si ratiba ya shirika lolote. Uwanja uko kilomita 11 kutoka katikati ya Bujumbura, na safari ya nje inamtaka awahi saa mbili au tatu kabla. Kwa miaka hii ya foleni za mafuta, teksi nayo ni ya kutafuta mapema. Anatoka nyumbani saa tatu asubuhi. Saa mbili anakaa angani. Anatua Dar saa tisa na nusu kwa saa ya huko. Pale anapanga foleni ya uhamiaji, anaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano (aliyeisahau nyumbani ataongeza muda wake mwenyewe), anasubiri sanduku, anatoka. Jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019 kwa safari za kimataifa, si mbali sana na Kariakoo kwa kilomita. Kwa foleni ya jioni ya Barabara ya Nyerere ni habari nyingine. Akifika Kariakoo saa kumi na mbili kasorobo, maduka ya jumla yanafunga.

Tangu afunge mlango wa nyumba yake zimepita saa saba na dakika 45, na kati ya hizo ndege imechukua mbili. Na siku imekwisha bila kununua hata doti moja. Ndiyo maana anayejua njia huuliza kwanza ndege inatua saa ngapi, kabla ya kuuliza inachukua muda gani. Ndege ya asubuhi iliyo ghali kidogo inaweza kukuokolea usiku mmoja wa gesti na siku moja ya duka kufungwa. Ya jioni iliyo nafuu inaweza kukurudishia gharama yote hiyo mlangoni.

Barabarani hali ni hii. Kutoka Bujumbura gari linapanda milima kuelekea ndani ya nchi hadi Kobero upande wa Muyinga, linavuka kuingia Kabanga, wilaya ya Ngara, kisha Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, ndipo Dar. Ukitazama ramani utaona kwa nini kilomita 1,160 za ndege zimekuwa 1,500 na zaidi. Barabara inaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, kisha inashuka kwa mzunguko mrefu kufuata miji. Kobero na Kabanga ni kituo cha pamoja cha mpaka, na hilo limepunguza kusimama mara mbili. Hata hivyo basi linachukua siku nzima na usiku wake, na lori lenye mzigo huchukua siku kadhaa.

Wengi wameshapata suluhisho lao, mtu aende kwa ndege na mzigo uje kwa barabara. Kilo 23 za sanduku, ambazo ndizo kawaida kwa tiketi nyingi, hazibebi duka. Zinabeba sampuli, vipodozi, simu chache, nguo za bei kubwa. Marobota yanakabidhiwa wakala, yanapanda lori, na mwenye mali anakuwa amerudi Bujumbura kabla hayajafika Dodoma. Hesabu ya kufanya ni ya dukani kwako mwenyewe. Kama basi kwenda na kurudi linakula siku nne na ndege inakula mbili, tofauti ya nauli ilinganishwe na faida ya siku mbili za duka lako, pamoja na malazi na chakula cha njiani. Kwa duka dogo basi linashinda. Kwa mwenye kontena ndege inashinda bila ubishi. Walio katikati ndio wanaotakiwa kushika kalamu. Na siku hizi kuna mshindani wa tatu ambaye hana nauli kabisa, picha ya kitenge iliyotumwa kwa simu, ingawa kila aliyewahi kupokea robota lenye rangi tofauti na ile ya picha anajua kwa nini watu bado wanasafiri.

Umbali huu wa Dar na Bujumbura umewasumbua wafanyabiashara tangu zamani. Enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa kazi ya miezi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia hapo mzigo wa Usumbura, kama mji ulivyoitwa, ukapanda meli. Mwaka 1921 Waingereza walikubali kuwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu ya bandari pale Dar na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, ili shehena ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kusumbuliwa. Hata wakati ule, kikwazo kikubwa kilikuwa kusimama njiani na kulipa.

Neno la kusimama linatupeleka kwenye miji mingine. Air Burundi, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa jina la STAB na kuitwa Air Burundi tangu 1975, iliacha kuruka mwaka 2009. Mwaka 2021 iliundwa kampuni mpya, Burundi Airlines, lakini katika miaka yote hiyo ndege zilizotua Bujumbura zimekuwa za wengine: Kenya Airways, Ethiopian, RwandAir, Brussels Airlines, Uganda Airlines, na Air Tanzania iliyoanza njia hii mwaka 2018. Kila shirika linawapeleka abiria nyumbani kwake kwanza, kisha linawagawa. Ni biashara, wala si uovu. Lakini maana yake ni kwamba umbali wa kweli kutoka Bujumbura unategemea kama mji unaokwenda uko upande ule ule wa mji wa kuunganishia.

Angalia Dubai. Kwa mstari ulionyooka kutoka Bujumbura ni kama kilomita 4,240. Ukipitia Addis Ababa unakwenda kilomita 1,720 za kwanza na 2,520 za pili. Jumla ni karibu ile ile! Addis imekaa karibu kabisa juu ya mstari, kama kituo kilichochongwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Bujumbura. Kupitia Nairobi unaongeza kilomita 180 au 200 hivi, dakika kumi na tano za ndege. Kwa Dubai, basi, usibishane kuhusu kilomita. Bishana kuhusu saa za kusubiri katikati.

Geuka magharibi mambo yaharibike. Kinshasa iko kilomita 1,540 kutoka Bujumbura. Kupitia Nairobi unarudi kwanza mashariki kilomita 870, kisha unapita tena juu ya ukanda ule ule uliotoka, jumla karibu 3,300. Ni zaidi ya mara mbili, bila kuhesabu usiku wa kusubiri. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na soko lake ndilo kila mtu analolisema kwenye mikutano. Ningependa mikutano hiyo ianze kwa wajumbe kukatiwa tiketi ya Bujumbura–Kinshasa.

Anayeunganisha ndege aangalie pia kama ana tiketi moja au mbili. Ukinunua safari nzima kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine, na sanduku lako hupelekwa mpaka mwisho. Ukinunua vipande viwili kwa mashirika mawili kwa sababu jumla ilikuwa nafuu, ndege ya pili haikusubiri na hela yake mara nyingi imekwenda. Itakubidi pia kuchukua sanduku, kutoka, na kulisajili upya. Kwa vipande viwili acha nafasi ya saa nne au tano, au lala. Tofauti ya bei iliyokufurahisha wakati wa kununua ni malipo ya hatari uliyoichukua wewe.

Kaskazini nako kuna umbali usiotokana na ramani. Kigali, ile ya kilomita 175 angani, kwa barabara ya Kayanza na Kanyaru ilikuwa safari ya asubuhi kwenda, mchana kufanya kazi, na magari ya Kampala yalipita huko huko. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Njia ya Kampala isiyogusa Rwanda ni ya kuzunguka: Kobero, Lusahunga, Biharamulo, Bukoba, Mutukula. Kilomita hazijahama popote, lakini mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akienda Kampala kila baada ya wiki mbili amelazimika kupiga hesabu zake upya, na kilomita 510 za Entebbe angani zimeanza kuonekana si anasa tena.

Kusini ni kinyume chake kabisa, na hapa ndege inashindwa. Kigoma iko kilomita 177 hivi kutoka Bujumbura kwa mstari wa angani, karibu sawa na Kigali. Kama hakuna ndege ya moja kwa moja wiki unayosafiri, tiketi utakayopewa itapitia Dar: kilomita 1,160 kwenda baharini na 1,080 kurudi ziwani, jumla 2,240, yaani zaidi ya mara kumi na mbili ya umbali wenyewe. Wakati huo huo barabara ya kando ya ziwa inapita Rumonge na Nyanza-Lac, inapanda hadi mpaka wa Mugina, inaingia Manyovu na kushuka Kigoma. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kwa lami vipande vyake viwili, kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge kwa upande wa Burundi, na kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu kwa upande wa Tanzania. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii yalileta shida sehemu za chini, kwa hiyo ni vizuri kuuliza madereva wa Rumonge kabla ya kuondoka. Ukitoka Bujumbura alfajiri, na mpaka usipokuchelewesha, unaingia Kigoma jua bado liko juu. Usisahau kusogeza saa mbele ukishavuka Manyovu, la sivyo utafika benki ukiikuta imefungwa.